Gita la Umeme la Bei Nafuu: Lipi la Kununua, Kipi cha Kubadilisha

Gita la umeme la bei ya chini linalouzwa leo Kariakoo au katikati ya Nairobi si kichezeo cha watoto. Mbao zake zimekatwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, mara nyingi kwa vipimo vya Stratocaster ambayo kampuni ya Fender iliitoa mwaka 1954: milimita 648 kutoka kizingiti hadi daraja, shingo iliyofungwa kwa skrubu nne, pikapu tatu chini ya nyuzi. Mashine haichoki wala haibagui. Shingo ya gita la laki tano inaikata sawa na ya gita la milioni tatu. Tofauti inaanza mashine inapozimwa. Kupiga tupa ncha za freti zisikwaruze vidole, kuchonga mifereji ya kizingiti ifike kina chake, kunyoosha shingo, kupanga urefu wa kila uzi: hizo ni saa za mikono ya mtu, na ndizo kiwanda kinazozibana zaidi ili bei ishuke.

Ukilielewa hilo, maswali mawili yanayosumbua wanunuzi wengi, ninunue lipi na nibadilishe nini, yanakuwa swali moja. Unanunua gita ambalo halijamaliziwa. Tafuta ambalo mbao na chuma chake ni vizima, kisha mlipe fundi alimalizie. Vipuri ni habari ya baadaye, na kwa magita mengi siku yake haifiki kabisa.

Fedha na aina

Tuseme umejikusanyia shilingi 900,000 za Tanzania. Wengi huzipeleka zote kwenye gita, wakafika nyumbani hawana hata waya wa kulichomeka. Mimi ningeweka 500,000 kwenye gita, 250,000 kwenye amplifaya ndogo, na 150,000 iliyobaki ikagharimia seti mbili za nyuzi, kebo isiyokatikakatika, tyuna ya kubana kichwani na malipo ya fundi. Hizo ni namba za mfano. Ukihesabu kwa shilingi za Kenya au faranga, uwiano ubaki uleule. Gita la laki tano lililopita mikononi mwa fundi linalishinda la laki tisa lililotolewa kwenye boksi likapigwa hivyohivyo.

Halafu jiulize unapiga nini. Mpiga solo wa dansi, wa benga au wa sebene anataka sauti kavu, inayong'aa, inayopenya katikati ya ngoma na besi bila kufunika mwimbaji. Hiyo ni kazi ya pikapu za koili moja, zile nyembamba za Stratocaster na Telecaster. Ubaya wake ni kwamba hunasa mngurumo wa umeme wetu wa hezi 50, na hakuna kifungo cha kuuzima. Hambaka, pikapu ya koili mbili ambayo Seth Lover aliibunia Gibson mwaka 1955, huufuta mngurumo huo na kutoa sauti nene zaidi. Wapiga roki huipenda. Kanisani, ambako siku hizi ndiko magita mengi ya umeme yanakopigwa, chombo kimoja hutakiwa kufanya kazi zote: kusindikiza pambio asubuhi na kulia solo jioni. Huko tafuta gita lenye pikapu mbili za koili moja na hambaka upande wa daraja. Yamaha Pacifica 112 ndiyo mfano unaojulikana zaidi wa mpangilio huo.

Kuhusu mkono wa tremolo, neno langu ni fupi. Kama hujui utautumia kwenye wimbo gani, nunua gita lisilo nao. Daraja lililofungwa imara kwenye mbao hutunza tyuni, na kwenye bei hii kutunza tyuni kuna thamani kuliko kutikisa noti. Ile tremolo inayofunga nyuzi kwa alenki pande zote mbili, ikiwa ya bei ya chini, iache ukutani.

Majina ya kuanzia utafutaji wako ni machache. Squier ni chapa ya Fender yenyewe, Epiphone ni ya Gibson tangu 1957, na nyingi za Squier na Epiphone zinazoingia madukani kwetu zimetengenezwa China au Indonesia. Ongeza Yamaha, Ibanez za daraja la Gio na Cort. Usiyadharau hata yasiyo na jina la maana. Wakati mwingine shingo nzuri huangukia huko. Ila huko lazima uchague gita mkononi. Kununua kwa picha ya simu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Dukani

Nenda na rula yenye milimita, simu iliyopakuliwa tyuna, na kebo yako mwenyewe. Usikubali kulichomeka gita kwanza. Muuzaji atalichomeka kwenye amplifaya kubwa yenye mwangwi, na masikio yako yatakuwa yameshanunua kabla mikono haijakagua.

Anza na shingo. Shika gita kama fundi seremala anayekagua ubao: kichwa karibu na jicho, mwili mbali, jicho moja limefumbwa, ukitazama ukingo mmoja wa shingo kisha wa pili. Kingo zote mbili zinatakiwa ziwe na mwinuko mdogo ulio sawa. Ukiona ukingo mmoja umeinuka na mwenzake umelala, shingo imejipinda kama parafujo. Lirudishe. Hata wakikupunguzia nusu ya bei, lirudishe. Hiyo ndiyo kasoro ambayo fundi wa mtaani hawezi kuirudisha sawa, na shingo mpya itakugharimu karibu na bei ya gita lenyewe.

Shingo iliyopinda mbele au nyuma tu, pande zote sawasawa, ni jambo dogo. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu kinachokazwa kwa alenki, na kazi yake ndiyo hiyo. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine, kisha tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Inatakiwa ipite kadi nyembamba ya jina, takriban milimita 0.25. Ikipita sarafu, shingo imelegea. Ikiwa uzi umelala kabisa juu ya freti, imekazwa kupita kiasi. Muulize muuzaji kama alenki yake ipo na kama chuma hicho kinazunguka. Kisipozunguka, au tundu lake likiwa limeliwa, hapo umepata sababu ya pili ya kuondoka.

Sasa piga kila freti ya kila uzi, moja baada ya nyingine, polepole. Ni kazi ya kuchosha na muuzaji atakuangalia vibaya, lakini gita lenye freti 21 lina sehemu 126 za kubonyeza na mnunuzi mwenye haraka hujaribu kumi. Unasikiliza noti inayokufa ghafla, inayovuma kama nzi kwenye kopo, au inayotoa sauti ya freti inayofuata badala ya yake. Mpiga solo akazie freti ya 10 kwenda juu, maana huko ndiko atakakoishi. Avute uzi wa kwanza na wa pili kwa kuzipinda asikie kama noti inazimika katikati ya kuvuta. Mpiga rizimu akazie freti tano za mwanzo. Freti moja au mbili zilizoinuka hugongwa au kupigwa tupa. Zikiwa nane, mwachie mwingine.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, juu na chini. Ncha za freti zikikwaruza kidogo, si kitu. Ni kazi ya nusu saa kwa tupa ndogo. Kuna sababu ya kuzikuta hivyo hata kwenye gita jipya: mbao ikitoka kwenye unyevu ikaja kwenye ukavu husinyaa, freti za chuma hazisinyai, zinabaki zimechomoza. Gita lililokaa Tanga au Mombasa likipelekwa Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi linaweza kuanza kukata vidole wiki chache baadaye bila mtu kuligusa.

Angalia urefu wa nyuzi kwenye freti ya 12. Milimita 1.6 hadi 2 kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi ni nzuri. Ukikuta 3, usiogope bado, kwa sababu hupunguzwa kwa alenki ndogo kwenye daraja. Lakini tazama kama vile vipande vinavyobeba nyuzi bado vina nafasi ya kushuka. Vikiwa vimeshalala chini kabisa na nyuzi bado ziko juu, pembe ya shingo ina tatizo.

Baada ya hapo ndipo uchomeke, kwa sauti ndogo, bila mwangwi. Weka swichi kwenye kila nafasi na uguse pikapu moja moja taratibu kwa ncha ya bisibisi: utasikia mlio mkubwa kwenye pikapu inayofanya kazi. Zungusha volyumu na toni toka mwanzo hadi mwisho. Mikwaruzo ni vumbi, na dawa yake ni kopo la dawa ya kusafishia viunganishi. Chezesha jeki ndani ya tundu lake. Sauti ikikatika, kuna waya au nati iliyolegea. Mngurumo ukipungua unaposhika nyuzi, hiyo ni dalili njema, maana waya wa ardhi wa daraja upo. Ukiongezeka unaposhika, mtu ameunganisha vibaya. Hayo yote ni ya kusafisha, kukaza au kulehemu, na fundi redio yeyote anayaweza. Yatumie kupunguza bei, yasikukimbize.

Mtumba, na yale ya kuletewa

Gita lililokwishatumika, likiwa na shingo nzima, ndilo linalolipa zaidi. Mwenzako ameshalipia hasara ya kutoka dukani, na mbao imeshatulia katika hewa ya hapa. Kagua kutu kwenye skrubu na vipande vya daraja, hasa kwa gita la pwani: chumvi ya hewa hugandisha skrubu ndogo za alenki hadi hazizunguki, na gita lisilopangika urefu wa nyuzi ni gita bovu. Angalia pia freti zilizolika chini ya nyuzi za kwanza mbili. Mashimo madogo ni ya kawaida. Yakiwa na kina cha kushika ukucha, freti zitahitaji kusawazishwa, na hilo liingie kwenye bei.

Jina lililoandikwa kichwani si ushahidi. Magita yenye nembo ya Fender na Gibson yaliyotengenezwa na watu wasiojulikana yapo mengi sokoni, mengine yana hadi namba ya mfululizo. Ukiambiwa ni Gibson ya Marekani kwa bei ya Epiphone, chukulia ni gita lisilo na jina, likague kama lisilo na jina, na ulipe bei ya lisilo na jina. Linaweza kukufaa tu.

Ukiagiza kwa ndugu aliye ng'ambo, mwagize gita, amplifaya nunua hapa. Amplifaya ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 230 zetu bila transfoma, moshi ndio sauti ya kwanza na ya mwisho utakayoisikia. Ya Ulaya au ya Ghuba haina shida hiyo, lakini soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuamini.

Kumpelekea fundi

Badilisha nyuzi siku ya kwanza. Za kiwandani zimekaa kwenye meli na ghala, na pwani huwa zimeshaanza kutu. Seti ya 9 hadi 42 ni laini kwa anayeanza na anayevuta noti. 10 hadi 46 hutunza tyuni vizuri zaidi kwa mwenye mkono mzito. Hakikisha pakiti ni ya gita la umeme. Katika maduka mengi zilizojaa ni za gita kavu, zilizofungwa shaba nyeusi, na sumaku ya pikapu haiishiki shaba hiyo vizuri: nyuzi nne nene zinasikika kwa mbali huku mbili nyembamba zikipiga kelele. Kuna watu wamenunua pikapu mpya kwa sababu ya pakiti ya nyuzi.

Ukifunga nyuzi, zivute kwa mkono, tyuni, vuta tena, tyuni tena, hadi zisishuke. Pitisha risasi ya penseli kwenye mifereji ya kizingiti, kile kipande cheupe kati ya kichwa na shingo, uzi uteleze usikwame. Ukisikia mlio mfupi unapokaza, halafu noti inaruka juu ghafla, huo ni uzi uliokuwa umebanwa kizingitini. Asilimia kubwa ya magita yanayosemwa hayakai tyuni yana ugonjwa huo, na funguo za kukazia nyuzi ndizo zinazosingiziwa.

Kazi unayomwomba fundi ina majina manne: anyooshe shingo, achonge kizingiti, asawazishe freti zilizoinuka, apange urefu na ulinganifu wa noti kwenye daraja. Ulinganifu unaweza kuupima mwenyewe. Piga noti ya freti ya 12, linganisha kwa tyuna na ule mlio wa kengele unaopatikana kwa kugusa uzi juu ya freti hiyohiyo bila kuubonyeza. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, kibebeo cha uzi kirudi nyuma. Ikiwa chini, kisogee mbele. Gita ambalo kodi zake ni tamu karibu na kichwa na zinachacha huko juu lina shida hiyo tu.

Chuma cha shingo nacho unaweza kukigusa mwenyewe, kwa adabu. Kuzungusha kulia kunanyoosha shingo iliyopinda mbele, kushoto kunailegeza. Robo mzunguko, kisha tyuni upya, kisha subiri hadi kesho uone. Tumia alenki inayojaa tundu barabara. Ya milimita na ya inchi hukaribiana kwa kutazama tu, na ile inayocheza kidogo ndiyo inayokula tundu. Ukihisi imegoma, acha.

Fundi mwenyewe unampata wapi? Waulize wapiga gita wa bendi kubwa ya mji wako nani anawatengenezea. Kazi ya waya mpe fundi redio bila wasiwasi. Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi redio, mwenye karakana ya kutengeneza redio Fullerton, California, na gita hakujua kupiga. Alichojua ni kwamba kitu kikiharibika kinatakiwa kifunguke kwa bisibisi, na ndiyo maana shingo ya gita lake imefungwa kwa skrubu. Seremala usimpe freti, hata akiwa shemeji yako.

Kabla ya kulaumu pikapu

Jambo moja linaharibu sauti ya magita mengi hapa kwetu, nalo haliko ndani ya gita. Kanisani na kwenye kumbi ndogo, gita huchomekwa moja kwa moja kwenye mixer. Sauti inatoka nyembamba, imefifia, kama imefunikwa blanketi na wakati huohuo inachoma masikio ukiongeza toni. Mpigaji anasema pikapu mbovu.

Pikapu ya kawaida haina betri. Ni waya uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku, na umeme wake ni mdogo sana. Inahitaji tundu la kupokelea lenye ukinzani mkubwa, karibu megaohm 1, kama lilivyo la amplifaya ya gita. Tundu la laini la mixer huwa na kiloohm 10 au 20 hivi. Linainyonya pikapu hadi linamaliza ule mng'ao wa juu uliolipia. Juu ya hilo, spika za ukumbini zinatoa kila kitu hadi juu kabisa, wakati spika ya amplifaya ya gita imezaliwa ikiwa inakata ukali huo.

Dawa ni kuweka kitu katikati: DI boksi yenye nguvu yake, au pedali yoyote yenye kuiga amplifaya. Mixer nyingine zina tundu lililoandikwa Hi-Z. Likiwepo, ndilo lako. Kwa fedha ya seti moja ya pikapu za maana unapata pedali itakayokufaa na gita hili, na lijalo, na la kuazima.

Umeme nao uangalie. Soketi isiyo na waya wa ardhi huleta mngurumo ambao hakuna pikapu itakayouondoa, na wakati mwingine huleta jambo baya zaidi: unashika nyuzi, unasogeza mdomo kwenye maikrofoni, unapigwa shoti. Ikitokea, usiendelee na ibada wala onyesho hadi soketi itazamwe.

Vipuri, kwa mpangilio wa haki

Gita limepita kwa fundi, nyuzi ni sahihi, amplifaya inaeleweka, na bado kuna kitu. Sasa tuongee vipuri.

Kizingiti ndicho cha kwanza, na ndicho rahisi. Cha plastiki yenye uwazi ndani huchakaa na kubana nyuzi. Cha mfupa hakina mpinzani, na mfupa ni wa ng'ombe, huohuo wa buchani: unachemshwa kutoa mafuta, unakaushwa, unakatwa na kupigwa msasa. Fundi mwenye tupa nyembamba na subira anakichonga kwa mchana mmoja. Sijui kipuri kingine kinachobadilisha gita kiasi hicho kwa bei hiyo.

Cha pili ni tundu la jeki na swichi, vikileta matatizo. Vya bei ya chini hulegea chemchemi zake mapema. Volyumu zikikwaruza hata baada ya kusafishwa, zibadilishe, lakini usikubali yoyote iliyo dukani kwa fundi redio: pikapu za koili moja huhitaji kiloohm 250, hambaka 500, na kwa volyumu ya gita tafuta yenye herufi A mbele ya namba, A250K au A500K. Ukiweka iliyotoka kwenye redio yenye kiloohm 50, gita zima litazibwa pua. Pima pia shimo la ubao, maana magita mengi ya bei nafuu yana volyumu ndogo na kubwa haiingii bila kupanua.

Funguo za kukazia nyuzi badilisha pale tu unapoona kwa macho kwamba zinarudi nyuma zenyewe au zina mchezo. Kabla ya kulipa, pima kipenyo cha shimo la kichwani na mahali skrubu zilipo. Kutoboa kichwa upya kwa ajili ya funguo zinazong'aa ni uharibifu.

Tremolo inayosumbua, ifunge. Fungua kifuniko cha nyuma, chonga kipande cha mti mgumu, kisukume kati ya kile kitofali cha chuma na mbao ya mwili hadi kikamate, kisha kaza chemchemi zote. Umepata daraja lisilosogea kwa gharama ya kipande cha mti, na ukitaka tremolo yako kesho unakitoa. Brian May, aliyepiga gita nyuma ya mwimbaji Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Zanzibar, alijenga gita lake na baba yake kuanzia 1963 kwa mbao za rafu ya meko ya zamani na chemchemi za vali za pikipiki kwenye tremolo, na akalipiga kwenye viwanja vya dunia. Tremolo yenye jina haikuhusika.

Pikapu ni za mwisho. Kabla ya kununua, chukua bisibisi uzipandishe na kuzishusha zilizopo. Ni bure na watu wengi hawajui skrubu zile za pembeni ni za nini. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima toka chini ya uzi hadi juu ya pikapu: karibu milimita 2 upande wa uzi wa kwanza na 2.4 upande wa sita, halafu sikiliza. Zikiwa karibu mno, sumaku huvuta uzi na noti za juu hutetema kama zina homa. Zikiwa mbali mno, zinakosa nguvu.

Lini useme basi

Fanya hesabu kabla ya kununua kipande cha kwanza, siyo cha tatu. Gita la 500,000. Pikapu tatu 300,000, funguo 120,000, daraja 130,000, fundi 80,000. Hizo ni 630,000 juu ya gita la 500,000, na kwa 1,130,000 ungeweza kutafuta la mtumba la daraja la juu ambalo vitu hivyo vyote vimo tangu kiwandani. Tena siku ya kuuza, mnunuzi hatalipia pikapu zako; atatazama nembo ya kichwani na kutaja bei ya nembo. Kwa hiyo kila kipuri cha zamani kiweke kwenye mfuko pamoja na skrubu zake, ukiwa umeandika kilitoka wapi. Ukiuza, virudishe, na vipya viende nawe kwenye gita lijalo.

Mpaka wangu ni huu: vipuri vikifika theluthi moja ya bei ya gita, nasimama na kuanza kuweka akiba ya gita jingine. Anayefurahia kufunguafungua na kulehemu usiku asijali mpaka huo. Hiyo ni burudani yake, nayo ina bei kama burudani nyingine.

Na ukibaki unataka pikapu mpya, uwe unaweza kusema kwa maneno unachokosa: nataka mng'ao zaidi kwenye solo, au nataka isizidiwe na kinanda. "Nataka sauti nzuri" haitoshi kumwambia muuzaji, atakupa ya bei kubwa. Kisha nunua moja tu, ya nafasi unayoipiga zaidi, ambayo kwa mpiga solo mara nyingi ni ya daraja, na uache nyingine mahali pake. Ikishafungwa, weka swichi kwenye nafasi inayochanganya pikapu mpya na jirani yake. Ukisikia sauti imekonda na inatokea puani, pikapu hizo mbili zinapingana. Mrudishie fundi abadilishe nafasi za nyaya mbili za ile mpya, na asikutoze.